Mashuka Yaliyopigiwa Ngoma

Wadogo zangu mliobaki na kabati la mashuka, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, na kwa kuwa mmeniomba kwa adabu, nitaandika. Niliacha kazi siku ya Alhamisi, tarehe 31 Desemba 1959, nikiwa na magoti yanayolia na vidole ambavyo sabuni imevifuta alama zote. Sitaeleza nililipwa nini wala nilipandishwa lini, maana habari hizo hazijawahi kumsaidia mtu kutoa doa. Mimi ni mjane wa Petro Masunga, mweka nguzo wa mgodini, na watu huniita Mama Milembe kwa jina la binti yangu. Kusoma nilianza Januari 1947, katika darasa la watu wazima la misheni, Milembe akiwa amenitangulia. Nilichelewa kuipata kalamu na sina nia ya kuipumzisha. Kila jambo nitakalolitaja nitalitaja pamoja na tarehe yake, au angalau mwezi.

Nilianza kazi Ijumaa, tarehe 3 Machi 1944, katika nyumba ya wageni ya mgodi mmoja upande wa Geita, nikiamini kwamba najua kufua. Nimezaliwa Shinyanga vijijini. Nilikuwa nimefua kaniki za mama yangu tangu utoto na kuzianika juu ya ua wa minyaa kama kila mtu wa kwetu. Lakini kaniki ni nyeusi, humeza kila jambo bila kulalamika. Mashuka yangu ya kwanza ya kizungu niliyaanika juu ya minyaa vilevile. Utomvu ulidondoka, ukakauka, ukawa madoa ya kahawia, na mkaguzi wa mashine aliyeyalalia aliamka amewashwa mgongo mzima akaomba ahamishiwe nyumba isiyo na upele.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Sefu, dobi mzaliwa wa Tabora, mtu mwembamba aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi hata mikunjo ya kwapani. Hakunigombeza. Alilikunja lile shuka lenye madoa akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hili ni lako, Mama Milembe. Ukalitandike nyumbani ulilalie mwezi mmoja, kisha uje unieleze umejifunza nini."

Nililalia mara moja nikajifunza yote. Petro alikuwa amekwisha kuhamia sakafuni.

Mzee Sefu aliamini kwamba mtu hawezi kutandika kitanda asichokijua kwa mgongo wake. Kwa hiyo aliniamuru nilale juu ya kila kitanda nilichokitandika, ninyooshe miguu, nitazame dari, na kumweleza ninahisi nini. Na kwa kuwa si adabu mwanamume kusimama kando ya kitanda alicholala mke wa mwenzake, alimwita mume wangu awe shahidi. Basi Petro, akitoka shimoni na matope yake, aliketishwa juu ya gazeti katika kiti cha mgeni, kofia ya chuma magotini, mimi nikiwa nimelala kama maiti, na Mzee Sefu akiwa ameuelekeza uso wake ukutani kwa heshima.

"Unahisi nini?" aliuuliza ukuta.

"Kuna mkunjo chini ya kiuno, mzee."

"Mkunjo wa shuka au wa godoro?"

"Wa godoro."

"Petro, umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Wa godoro."

Petro aliniambia njiani kwamba kule chini, ambako mlima mzima unamning'inia mtu kichwani, mambo ni mepesi zaidi.

Lakini kwa njia hiyo nilijifunza, na ninyi jifunzeni. Shuka hunuswa kabla ya kuguswa na maji, kwa sababu pua hujua kama ni jasho, mafuta ya nywele au pombe, na kila kimoja kina dawa yake. Damu na jasho huanza na maji baridi. Ukiyatia maji moto kwanza, umelipika doa na halitatoka tena. Maji yetu yalitoka lamboni na yalikuwa na rangi ya chai, kwa hiyo tuliyatuliza ndani ya pipa tangu jana yake, tukayachota juu juu bila kuamsha tope. Magadi kidogo, sabuni ya mche iliyokwanguliwa kwa kisu, kisha kuchemsha huku ukikoroga kwa mti ambao haujawahi kukoroga ugali. Buluu hufungwa katika kitambaa na kuzungushwa ndani ya maji ya mwisho. Ukiimwaga ovyo, mgeni atalala ndani ya mbingu. Wanga wa muhogo ni wa foronya na pindo la juu tu. Shuka zima likitiwa wanga hupiga kelele kama karatasi, na mgeni akigeuka anawaamsha wenzake. Lianue likiwa na unyevu kidogo, livuteni watu wawili wanaopatana, ndipo lipigwe pasi ya mkaa, na pasi ipulizwe nje, mbali na nguo, ili majivu yamwangukie mpuliza. Kabatini tuliweka majani makavu ya kivumbasi. Miguu ya vitanda tuliisimamisha ndani ya makopo yenye mafuta ya taa ili kunguni wasipande, na godoro lilitolewa juani likachapwa bila huruma. Fanyeni hayo hata nyumbani kwenu. Kitanda cha kamba chenye shuka moja la marekani kinastahili heshima ileile.

Wageni walikuwa wa kila namna. Kuanzia Mei 1948 tulikuwa na mpima miamba aliyelala na mawe yake kitandani kwa kuogopa yataibwa. Mawe yalikuwa na ncha, na mashuka yalichanika. Mzee Sefu alinituma nikazungumze naye, kwa kuwa mimi nilikuwa na subira zaidi na yeye alikuwa na mashuka zaidi ya kuyahuzunikia. Yule bwana alinisikiliza vizuri sana, akakubali kosa, akaniomba kila jiwe lipewe foronya yake. Nikashona foronya za mawe. Jumamosi iliyofuata aliniuliza kwa upole mbona za mawe hazijabadilishwa. Basi nikawa nafua foronya za mawe kila juma hadi Agosti. Sikatai kwamba yalikuwa wageni wazuri: hayakutoa jasho, hayakuvuta sigara, wala hayakuita chai.

Petro alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 12 Agosti 1950. Alikuwa mtu mwema, na hilo ninaliandika kwa kalamu niliyojifunza kuishika yeye akinishikia taa. Nyumba ya kambini ilikuwa ya mfanyakazi wa shimoni, si ya mjane wake. Nikairudisha, Milembe nikampeleka bweni la misheni, mimi nikawa nalala jikoni kwa rafiki yangu wa kanisani. Aprili 1952 Mzee Sefu naye akarudi Tabora kupumzika, akaacha pengo. Msimamizi mpya wa nyumba ya wageni, Bwana Yohana, mtu wa Bukoba mwenye mashati meupe na roho nyepesi, alitakiwa achague mkuu wa mashuka kabla Juni haijaisha. Mkuu angepewa ufunguo wa chumba cha nyuma, akae humo. Tulikuwa wawili tuliofaa: mimi na Mama Kulwa, mama wa mapacha, mfuaji hodari mwenye sauti ya kupita milima. Mama Kulwa alikuwa na mume na nyumba ya matofali. Alichotaka ni ukubwa. Mimi nilitaka kile chumba, na sababu yake iliwasili Jumapili, tarehe 8 Juni 1952, ikiwa juu ya baiskeli.

Alikuwa shemeji yangu Maganga, mdogo wake marehemu.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu Kisukuma, akiniita mama, kisha akaingia Kiswahili cha shughuli rasmi. "Shemeji, matanga yamekwisha siku nyingi. Wazee wamenituma nikuchukue."

"Unichukue unipeleke wapi?"

"Nyumbani. Kwangu. Wake zangu wawili wameshakubali."

"Na mimi niliulizwa lini?"

"Si ndiyo hivi nakuuliza?"

Baba mkwe wangu, mtu mwenye haki, alikuwa ametamka hivi mbele ya ukoo: mjane mwenye nyumba yake ya kulala asisumbuliwe, anayelala kwa watu arithiwe na ndugu wa mumewe. Nilimweleza Maganga kwamba mwisho wa mwezi huenda nikapata chumba. Alifikiri, akalaza baiskeli yake chini.

"Nitasubiri," alisema. "Ukikipata, nitawaambia wazee. Usipokipata, fungasha."

Hakuwa mtu mbaya. Alinitaka kama mtu anavyotaka kuchukua kilichosahauliwa na kaka yake, bila hasira yoyote.

Bwana Yohana, aliyeogopa kuchukiwa na mtu yeyote, alitutangazia uamuzi wake siku iliyofuata. Tungegawana vyumba vya wageni. Jumamosi, tarehe 28 Juni, kila mmoja angefua na kutandika kitanda kimoja cha kuonyesha, naye angelala juu ya vyote viwili. Mwenye mashuka masafi zaidi ndiye angepewa ufunguo. Ilikuwa njia ya haki kabisa, na isingekuwa na tatizo lolote laiti ingetangazwa mwezi wa Januari.

Juni kwetu ni wakati wa ngoma. Mavuno yamekwisha ingia, miguu ina nafasi, na pande mbili za wachezaji, Wagika na Wagalu, hukutana kushindana. Hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila upande mahali pake, na hakuna hakimu: upande wenye watazamaji wengi umeshinda, upande uliokimbiwa umeshindwa. Watu huweza kuacha kuzungumza miaka mingi kwa ajili ya ngoma moja. Ukoo wa Petro wote walikuwa Wagika, na Maganga alikuwa mchezaji wao mashuhuri wa ngoma ya majembe. Mjomba wa Mama Kulwa alikuwa mpigaji wa ngoma kubwa wa Wagalu. Mimi sikumwambia mtu kitu. Mama Kulwa alimwambia mjomba wake tu. Kufikia Alhamisi, kamba yangu ya kuanikia ilikuwa kamba ya Wagika.

Mwanzoni walikuja wachache, wakasimama wakalinganisha weupe. Juma la pili wakaja na ngoma. Mganga mmoja alifunga kamba yangu kwa dawa ya kuvuta watu. Nikaifungua, nikaosha kamba. Wagalu wakatunga wimbo kwamba mashuka ya Mama Milembe yamefuliwa kwa chozi la kutafuta mume. Wagika wakajibu kwamba buluu ya Mama Kulwa ni ya kuficha. Nao wote, wa pande zote, walicheza kwa nguvu kwa ajili yetu, na hapo ndipo ulipokuwa msiba: ardhi ya kule ni nyekundu, na Juni haina mvua. Kadiri walivyotushangilia ndivyo vumbi lilivyopanda, na kadiri lilivyopanda ndivyo mashuka yalivyobadilika kuwa rangi ya chungu. Tukafua upya. Wakaona tunafua kwa bidii, wakashangilia zaidi.

Mashuka ya nyumba nzima yalikuwa ama majini ama kambani. Mhasibu mmoja mgeni alilala amejifunga pazia akashuka nalo kwenye chai ya asubuhi, akala mayai yake. Bwana Yohana alitoka barazani kuwasihi watu watawanyike; walimshangilia, kila upande ukidhani ni wao anaowaunga mkono.

Jumamosi ile ya tarehe 28 walikuja hata kutoka Kharumwa, kwa miguu, na majembe yao mabegani. Mimi na Mama Kulwa tulikuwa tumefua alfajiri na kuanika pande mbili za ua. Shuka langu lilikuwa jeupe kiasi cha kuumiza macho. Nikaona lile wingu la vumbi likija barabarani, na wazo likanijia ambalo mke wa Mgika hapaswi kuwa nalo. Ili nishinde kitandani, ilinipasa nishindwe uwanjani. Nikasimama mbele ya watu wangu.

"Ndugu zangu Wagika! Nendeni mkatazame kule kwa Mama Kulwa!"

Wakageukiana.

"Umerogwa, mayu?" aliuliza mzee mmoja. "Tumetembea kutoka Kharumwa tuje tumtazame adui?"

"Kule kuna mazuri zaidi."

"Kuna mazuri gani? Shuka si shuka?"

Ndipo nikasikia kutoka upande wa pili ile sauti ya kupita milima. Mama Kulwa naye alikuwa si mjinga.

"Wagalu! Nendeni kwa Mama Milembe! Mashuka yake ni kama maziwa! Nendeni, nawaambia, mnanichafulia!"

"Funga mdomo wako, mtoto wa dada!" alifoka mjomba wake, akipiga ngoma kwa nguvu ili maneno hayo yasifike mbali. "Unatuuza mchana?"

Tukawa hivyo kwa muda mrefu, wanawake wawili wazima tukisifiana kwa ukali kupita ua mzima. "Hodari ni yeye!" "Hodari ni wewe, mshenzi!" Na kila tulivyosifiana watu waliona sasa mashindano yamekolea, wakakanyaga kwa nguvu zaidi.

Aliyekanyaga kuliko wote alikuwa Maganga. Alikuwa akicheza chini kabisa ya shuka langu, akirusha jembe juu na kulidaka, na kila alipotua ardhi ilipumua. Ninamwelewa. Kwa kunichezea aliutetea upande wake, na kwa kunichafua alijipatia mke. Ni nadra mtu kupata kazi yenye faida mbili namna hiyo.

"Shemeji, sogea kidogo!" nilimwambia.

"Nisogee vipi? Watu wote wananifuata mimi!"

Nikamtazama. Alikuwa amesema kweli.

"Wanakufuata, naona," nilisema. "Basi ndiyo maana mjomba wa Mama Kulwa anasema Wagika wana mchezaji anayecheza kwao tu, kama kuku wa kufungwa mguu."

Jembe lilishuka na hakulidaka.

"Kasema nani?"

"Yule pale. Mwenye ngoma kubwa."

Neno hilo alikuwa amelisema kweli, asubuhi ileile, nami nililisikia. Kwamba alilisema kuhusu mtu mwingine si jambo la kuchelewesha habari.

Maganga aliokota jembe lake. Hakukimbia, alivuka ua akicheza, kifua mbele, akaingia katikati ya Wagalu na kuanza kuruka mbele ya pua ya yule mjomba. Sijaona tena mchezo kama ule. Wagika wote wakamfuata kumlinda, Wagalu wakamzunguka kumpinga, wapishi wakatoka jikoni, na yule mhasibu akatoka na pazia lake. Upande wangu hakubaki hata mbwa. Vumbi likasimama juu ya kamba ya Mama Kulwa kama moshi wa tanuri, naye nikamwona amelikumbatia shuka lake kwa mikono na miguu, akitukana pande zote mbili kwa usawa.

Mimi nililianua langu likiwa na unyevu kidogo, nikalipiga pasi, nikatandika.

Bwana Yohana alilala kwanza kwenye kitanda cha Mama Kulwa. Alipoinuka, mgongo wa shati lake jeupe ulikuwa mwekundu, na Mama Kulwa akatoka chumbani bila kungoja zaidi. Kisha akaja kwangu. Alivua viatu, akalala, akanyoosha miguu, akatazama dari.

"Unahisi nini, bwana?" niliuuliza ukuta, kama nilivyofundishwa.

Nilipogeuka alikuwa amelala fofofo. Maskini, shuka la kulalia hakuwa nalo juma zima. Habari ikatoka nje kwamba hakimu amelala, na kwa heshima ngoma zikanyamaza. Watu wote wakaketi kimya uani, wakimsikiliza akikoroma. Alipoamka jua limepinda, alinitia ufunguo mkononi kabla hajavaa viatu.

Nilipotoka barazani nilikuta ugomvi. Wagalu walisema wameshinda, kwa kuwa watu wote walikuwa wamesimama kwenye ardhi yao. Wagika walisema wameshinda wao, kwa kuwa watu wote walikuwa wakimtazama mtu wao. Hoja zote mbili zilikuwa nzuri na majembe yalikuwa mengi. Ndipo Maganga, mwekundu tangu utosini hadi unyayoni, akaniona.

"Nyamazeni!" alipaza sauti. "Mashindano yalikuwa ya mashuka! Shemeji, waambie, nani kashinda?"

Nikainua ufunguo. Wagika wakapiga kelele ambayo nadhani ilisikika Geita mjini, na aliyepiga kubwa kuliko wote ni yeye. Kisha nikaona uso wake ukibadilika polepole, kama kitambaa kinavyokunywa maji. Akasogea karibu yangu, akashusha sauti.

"Shemeji. Huo ufunguo ni wa kile chumba?"

"Ndicho."

"Cha kulala?"

"Cha kulala, shemeji."

Nyuma yake Wagalu walikuwa wakimngoja. Mjomba wa Mama Kulwa alikuwa ameinua kidevu, tayari kusikia kwamba ufunguo si kitu, kwamba hauhesabiki, kwamba kesho mjane huyu anaondoka na virago vyake. Maganga alimtazama mjomba. Akanitazama mimi. Akautazama ufunguo. Akashusha pumzi ndefu iliyotoka na vumbi.

"Inua juu zaidi, shemeji," alisema. "Wale wa nyuma hawajauona."